Mpishi wa Mchanga

Tulimzika Barasa kule Kabazi siku ya mvua, nami nilifika nimechelewa, kwa sababu mtu anayetoka Ndabibi kwenda mahali popote duniani ni lazima kwanza akwame kwenye matope, hata wakati wa kiangazi. Jina lake nililisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo, nikinywa chai peke yangu jikoni. Mtangazaji alilitaja mbiombio katikati ya majina mengine, nikabaki nimeshika kikombe nikingoja alirudie. Hakulirudia. Basi nikavaa koti langu la harusi, yaani la harusi za watu wengine, nikaenda. Pale hemani sikumjua mtu. Kulikuwa na wana, wakwe, wajukuu, kwaya nzima iliyolowa, na kijana mmoja mwenye utepe kifuani aliyekuwa akipanga watu kwenye viti. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni wa upande gani? Wa baba au wa mama?" Nikamwambia, "Wa reli." Akafikiri kidogo, kisha akanipeleka kiti cha mwisho kabisa, pale ambapo turubai lilikuwa limepata tundu, na maji yakanidondokea shingoni mpaka mwisho wa ibada kana kwamba nabatizwa kwa mkopo.

Mjukuu wake mmoja, msichana mwenye sauti nzuri, alisoma habari za maisha ya marehemu. Alisoma: alijiunga na reli akiwa fayamani pale Nakuru, akafanya mtihani wa udereva, akafaulu, akahamishiwa Eldoret, akaoa. Alikwenda hivyo hivyo, bila kuvuta pumzi, kama gari linaloteremka. Watu wakatikisa vichwa. Mimi pekee, pale kwenye tundu langu, ndiye niliyejua kwamba kati ya kufanya mtihani na kufaulu kulikuwa na masika nzima, na mlima, na mtu mmoja mwenye koleo ambaye leo ana mvi na amekalia kiti cha plastiki. Sikuudhika. Ila nilipokuwa pale nilianza kuukumbuka ule mwaka, na tangu siku hiyo haujaniachia nafasi ya kulala vizuri, ndipo nikaona heri niuandike.

Nilikotoka na nani alinizaa tutayaacha. Kila mzee akianza kuandika huanzia kwa babu ya babu yake, na msomaji hulala kabla mwandishi hajazaliwa. Itoshe kwamba nilishuka kwenye gari la moshi Nakuru nikitoka magharibi, nikiwa na sanduku la bati na shati moja, na kwamba ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza. Wakikuyu wengi waliokuwa wakifanya kazi mjini walikuwa wamepakiwa kwenye malori wakarudishwa kwao, na nafasi zao zikabaki wazi, bado zina joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Mimi nilikalia kimojawapo. Aliyenitangulia alikuwa mzee ambaye sikuwahi kumwona. Alichukuliwa asubuhi akaacha kikombe chake cha bati juu ya ukuta wa kibanda, na nilipoingia siku ya kwanza nilikikuta kina majani ya chai yaliyokauka chini. Sikukitumia, wala sikukitupa. Kwa mwaka mzima kile kikombe ndicho kilichokuwa mwenzangu wa kazi, na nakuhakikishia kilikuwa msikilizaji mzuri kuliko watu wengi niliokutana nao baadaye.

Kazi yenyewe ilikuwa kukausha mchanga. Usicheke, au cheka, watu wote walicheka. Injini ya moshi ni chuma kitupu juu ya chuma kitupu, na reli ikilowa gurudumu huteleza kama mtu aliyekanyaga sabuni. Kwa hiyo kila injini ilibeba masanduku ya mchanga, na bomba jembamba lililoumwaga mbele ya gurudumu wakati wa kupanda. Mchanga ukiwa mkavu, hutiririka na gurudumu hupata pa kushika. Ukiwa na unyevu hata kidogo, huganda bombani, na hapo injini kubwa kuliko kanisa husimama mlimani ikitoa moshi wa aibu. Mchanga ulikuja umelowa kwenye mabehewa. Nikautandaza juu ya bamba la chuma, chini yake moto wa mataruma mabovu, yale magogo yanayolala chini ya reli, nikaugeuza kwa koleo, nikauchekecha, nikaujaza ndoo. Joto la pale lilikuwa la kuyeyusha meno. Nilitoka nimekauka kiasi kwamba nikinywa maji nilisikia yakichemka tumboni.

Kibanda kilikuwa mwisho wa shedi ya injini, mbali na watu. Waliopita walipita kwa ajili ya kunitania. "Mpishi, leo ni pilau au biriani?" "Mpishi, umeonja chumvi?" Kwenye bomba la maji kule landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, akina mama waliteta bila kupunguza sauti. "Ndiye huyu anayepika mchanga." "Maskini. Ataoa nani?" "Aoe tu, mke atachekecha." Na msimamizi wa shedi, Mhindi mwenye kilemba tuliyemwita Sardar, alikuwa akipita asubuhi, anachungulia, anasema, "Wewe, mchanga kwisha iva?" Nikisema umeiva, anakwenda. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Nilikuwa mtu wa maneno tangu kuzaliwa, na mwaka ule maneno yalinijaa kifuani mpaka nikahofia yatatoboa shati.

Ndiyo maana nilikwenda shule ya jioni. Sitasema ni kiu ya elimu. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na taa na watu. Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko, wapishi, matarishi, washona viatu, tukisoma kwa karabai iliyovuma kama nyuki, naye Mwalimu Hezekia, karani mchana na mwalimu jioni, akitembea katikati ya mabenchi na fimbo ambayo hakuitumia. Jioni ya kwanza alitaka kila mmoja aeleze kazi yake. Zamu yangu ilipofika nilisema niko idara ya injini. Darasa lote likageuka kunitazama kwa heshima, na nikaifurahia ile heshima kwa muda wa wiki moja, mpaka mshona viatu mmoja aliponiona na ndoo. Baada ya masomo kila mtu alikimbilia kwake kabla ya saa ya kafyu, ile ya kutoonekana nje usiku, karatasi ya ruhusa mkononi, na mimi nikarudi landi nikisikia watu wakifunga milango nyumba baada ya nyumba.

Chumba changu kilikuwa kimoja, na kitanda kilikuwa kimoja, na wenyewe tulikuwa wawili. Mwingine alikuwa Barasa. Lakini Barasa alikuwa fayamani, mtu wa kutunza moto wa injini, na mara nyingi alisafiri usiku, akarudi mimi nikiwa nimekwenda kibandani. Na mimi niliporudi, yeye alikuwa ameondoka. Kwa miezi ya kwanza sikumwona uso. Nilijua tu kwamba kitanda hakikupoa. Nilijua anakunja blanketi pembe kwa pembe. Nilijua kofia yake iko msumarini au haiko. Kulikuwa na kioo kidogo dirishani, na niliona kwa urefu wa msumari wake kwamba mwenzangu si mrefu. Usiku nilikuwa nalala ndani ya umbo la mtu mwingine lililobaki kwenye godoro, na nakwambia hakuna upweke kama ule, kulalia joto la mtu usiyemjua.

Nilikuwa nikipika ugali jioni na mboga ya kunde, siku njema na samaki mkavu wa Kisumu, na nilimwachia nusu. Panya wa landi walikuwa wakubwa kiasi cha kuandikishwa kazi. Siku ya kwanza walikula wao. Siku ya pili nikafunika sahani kwa bakuli, wakalisukuma bakuli. Ndipo nikaokota kokoto la reli, lile jiwe la pembe pembe, nikaliweka juu. Niliporudi kesho yake sahani ilikuwa safi, imeoshwa, na pembeni kulikuwa na mkebe wa chai umefunikwa na kifuniko, na juu ya kifuniko lile kokoto. Basi tukaendelea hivyo. Yeye ananiachia chai, au kiazi cha kuchoma kutoka Molo, au ndizi. Mimi namwachia ugali. Na kokoto linahama. Ugali ukibaki, nilijua safari ilikuwa mbaya. Naye, nadhani, alijua siku ambazo nilikuwa nimeula peke yangu kwa huzuni nikasahau kumwachia.

Tulionana kwa mara ya kwanza Jumapili moja, injini yake ilipokuwa matengenezoni. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama mbele ya kile kioo, sabuni usoni, wembe mkononi.

"Mulembe, ndugu," akasema, kwa salamu ya kwetu.

"Mulembe."

Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe wewe ni mrefu. Kwa ule ugali unaoacha nilidhani ni mtu mfupi."

"Na mimi nilidhani wewe ni mzee. Unakunja blanketi kama mzee."

"Nimekuzidi miaka mingi, usijali." Akarudi kwenye kioo. "Na kazi yako ni gani? Hapa landi kila mtu ananiambia jambo lake na wanacheka."

Nikasema polepole, "Napika mchanga."

Hakucheka. Aliweka wembe chini, povu bado limemjaa shavu moja. "Ni wewe? Mimi nilidhani bado ni yule mzee wa zamani, wamemrudisha." Akakaa kitandani. "Sikiza nikwambie. Kuna siku tulisimama juu ya Elburgon, kabla hujaja, wakati kibanda kilikuwa hakina mtu. Mvua. Magurudumu yanazunguka, gari haliendi. Mchanga umekuwa ugali ndani ya bomba. Dereva akaniambia, shuka. Nikashuka na sufuria ya chai, nachota changarawe kando ya reli, natupa mbele ya gurudumu kwa mkono. Abiria wamechungulia madirishani, wananiuliza kama napanda viazi."

"Wewe ukasema nini?"

"Niseme nini? Nilipanda." Akafuta povu. "Tangu siku hiyo, nikiingia kazini, kitu cha kwanza naangalia ni moshi wa kile kibanda. Nikiuona unatoka, natulia. Nikikosa kuuona, nabeba sufuria."

Tulikula pamoja siku hiyo, na kusema kweli tuliona haya kidogo, kama watu waliozoeana gizani wakawashiwa taa. Jioni akaondoka. Lakini mimi nilibaki na lile neno lake. Miezi yote ile nilidhani hakuna anayejua kama niko hai, kumbe kulikuwa na mtu aliyeutafuta moshi wangu kila siku kabla hajapanda kazini kwake.

Masika ilikuja mapema. Mvua ya Nakuru mwaka ule ilinyesha mpaka heroe wa ziwani, wale ndege wekundu, wakaanza kutafuta pa kujificha. Kibanda changu kikapata wageni, kwa sababu kilikuwa mahali pekee penye moto. Waliingia, wakaugeuzia moto migongo, wakaongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni koleo. Ndivyo nilivyosikia, kutoka kwa mafayamani wawili waliokuwa wakikausha makoti, jambo ambalo Barasa mwenyewe hakuwa ameniambia.

"Jumatatu ijayo ni mtihani wa Barasa," alisema mmoja.

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii. Wanampa gari lote, mabehewa ya mzigo, mpaka Mau Summit. Mkaguzi anatoka Nairobi atasimama nyuma yake kama mama mkwe."

"Akikwama?"

"Akikwama atarudi kutunza moto mpaka azeeke. Na sisi tutazeeka naye. Watasema, si tuliwaambia, udereva si kazi ya hawa Waafrika."

"Basi asikwame."

"Mwambie mlima."

Wiki ile ile Mwalimu Hezekia akanishika mkono baada ya masomo. Kulikuwa na wakili mjini aliyetaka tarishi, mtu anayesoma anwani na kuendesha baiskeli. "Jumatatu, saa mbili asubuhi," alisema, "uwe msafi. Ukichelewa kuna wengine mlangoni. Shati nitakuazima langu." Lilikuwa shati jeupe. Lakini nikwambie kilichonivuta, si shati. Tarishi husalimiwa na kila mtu. Anaingia ofisi hii, anatoka, wanamwuliza habari za huko atokako. Kwa siku moja anaongea na watu wengi kuliko wale mimi nilioongea nao tangu nishuke kwenye gari. Nilikubali papo hapo. Nilimwambia Sardar, naye akasema, "Wewe kwisha kuwa bwana mkubwa. Haya." Jumamosi nikamkabidhi koleo Cheruiyot, mtu mpole kutoka upande wa Kabarnet aliyekuwa amefika juzi tu, nikamwonyesha moto, nikamwonyesha chekecheke. Kikombe cha yule mzee nikakiacha juu ya ukuta. Nikamwambia Cheruiyot asikiguse, naye hakuniuliza kwa nini.

Jumapili nilikwenda kanisani nimevaa lile shati, ili lizoee mwili. Mvua ilipiga mabati mpaka mhubiri akawa anafungua na kufunga mdomo tu kama samaki, nasi tukasema amina kwa kukisia. Nilipotoka nilisimama barazani, na macho yangu yenyewe, bila kuniuliza, yakatazama upande wa shedi. Hakukuwa na moshi.

Nilijipa sababu zote. Nilijiambia mvua imeuficha. Nilijiambia si kazi yangu tena, shati ni la watu, na njia ya shedi ni tope. Nikatembea kuelekea landi, nikafika mlangoni, nikaona kofia ya Barasa haiko msumarini, kwa hiyo yuko safarini, atarudi alfajiri, na kesho asubuhi ataingia kazini akiangalia mahali fulani juu ya paa. Nikageuka. Kibandani nilikuta moto umezimika. Cheruiyot alikuwa ameitwa kupakua mabehewa pamoja na wengine, na mchanga aliouacha ulikuwa mweupe na mkavu kwa juu, mzuri wa kumdanganya mtu yeyote. Lakini nilipozamisha mkono ndani, chini ulikuwa baridi kama pua ya mbwa. Hakuwa na kosa. Sikuwa nimemwonyesha kwamba mchanga hugeuzwa kuanzia chini, kwa kuwa hata mimi sikujua kwamba najua. Nikavua shati jeupe, nikalitundika msumarini kando ya kile kikombe, nikawasha moto.

Sitakuchosha na habari za kazi ile. Nilipika, nikachekecha, nikapika tena. Kulipokucha moshi ulikuwa unapanda juu ya shedi mnene kama wa karamu, na nilikuwa juu ya ngazi, nikimimina ndoo ya mwisho kwenye sanduku la injini ile iliyopangwa. Mchanga mkavu una sauti yake, unashuka kama mtama unaomiminwa kwenye debe. Nilikuwa nausikiliza nilipomwona Barasa chini yangu, ovaroli imepigwa pasi, uso umepauka kwa kukosa usingizi.

"Niliambiwa umekwenda ofisini," akasema.

"Nimechelewa."

Alitazama upande wa kibanda, kisha akanitazama. "Niliuona moshi kutoka kule kwenye daraja," akasema. "Nilikuwa nimebeba sufuria." Na kweli alikuwa nayo, ameifunga kwenye mfuko, kichwa cha mpini kikichungulia. Akanikabidhi. Mkaguzi, mtu mrefu mwenye koti la mvua, akamwita, naye akapanda.

Mjini nilifika mbio, shati jeupe likiwa na rangi na harufu ya samaki wa kukaushwa, sufuria bado iko mkononi kwa sababu nilisahau kuiweka. Karani wa wakili alinitazama mimi, akaitazama sufuria. "Tarishi ameshapatikana," alisema. "Na mpishi hatuhitaji." Nilipokuwa natoka, tarishi mwenyewe alinipita kwa baiskeli, kengele inalia, na watu wawili wakamsalimu kabla hajafika kona.

Sikuwa na pengine pa kwenda, nikarudi kibandani. Sardar alinikuta nimekaa, akasema tu, "Wewe hapana bwana mkubwa?" Nikasema hapana. Akatikisa kilemba, akampeleka Cheruiyot kwenye kazi ya kuosha injini, ambayo baadaye aliipenda sana. Mafayamani walikuwa wamejaa mlangoni kwangu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya simu ya ofisi ya shedi iliyokuwa ng'ambo ya ukuta. Karani aliyeipokea alikuwa na sauti kubwa. "Amepita Njoro." Mvua. Mtu akaomba kiberiti, hakuna aliyempa. "Amepita Elburgon." Baada ya Elburgon simu ilinyamaza muda mrefu hata mmoja akaanza kuvaa koti lake, taratibu, kama mtu anayeondoka matangani. Nilikuwa nimeishika ile sufuria mapajani. Nilianza kufikiri ningempa, ningemkimbilia, mawazo ya kijinga, maili zote zile. Kisha karani akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Molo," na baadaye sana, "Mau Summit. Hajasimama."

Hawakupiga kelele. Walicheka chinichini, wakapigana mabega. "Bahati," alisema mmoja. "Bahati gani, yule ana mkono," alisema mwenzake. "Injini yenyewe ni nzuri," alisema wa tatu. Wakatoka wote, wakiendelea kubishana, na kibanda kikawa kikubwa ghafla. Sardar ndiye aliyebaki nyuma. Alisogea kwenye bamba, akazamisha mkono ndani ya mchanga mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akautazama ukimwagika katikati ya vidole. "Chai iko?" akauliza. Nikamwambia iko. Kikombe cha pili hakikuwepo ila kile cha juu ya ukuta. Nilisita kidogo, kisha nikakishusha, nikakiosha, nikamtilia. Alikunywa amesimama, akakirudisha pale pale kilipokuwa.

Barasa alirudi siku ya pili, mimi nikiwa kazini, na jioni nilikuta chumba kinanuka kuku. Kofia haikuwepo. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa kwa bakuli, kokoto juu. Nilipofunua nikakuta ugali, mchuzi, na katikati yake firigisi. Kwetu firigisi haigawanywi wala haiombwi. Ni ya mwenye nyumba, baba wa mji. Mtoto akiila kwa bahati mbaya hukumbushwa mpaka anaota ndevu. Na kati yetu wawili mwenye nyumba, kama alikuwepo, ni yeye, kwa umri na kwa cheo. Nilikaa kitandani nikaitazama mpaka mchuzi ukaganda.

Mwisho wa mwezi akahamishiwa Eldoret, akapewa nyumba yake mwenyewe, na nilipofika jioni msumari ulikuwa mtupu na blanketi limekunjwa mara ya mwisho. Nilipika ugali. Mkono ulishazoea, ukakata nusu, ukafunika, ukaweka kokoto. Asubuhi nilikuta vilevile nilivyouacha, na kitanda upande wake kilikuwa baridi. Huo, ukiniuliza, ndio mwisho wa ule mwaka, hata kama kalenda ilikuwa na miezi mingine. Mchanga niliendelea kuupika mpaka nilipomaliza shule ya jioni na kupata ukarani wa shamba huko Ndabibi. Siku ambazo Barasa alipita Nakuru na gari lake alikuwa akipiga honi moja fupi karibu na kibanda, nami nilitupa kuni mbichi motoni ili moshi uongezeke. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo. Watu wa reli huonana kwa kupitana.

Sasa turudi Kabazi. Baada ya maziko mvua ilizidi, magari yakaondoka, na mtu wa Ndabibi hakuwa na njia. Wakati wengine wanakula nilitoka nikasimama kaburini peke yangu, nikamwambia mambo mawili matatu ambayo hayakuhusu watu. Niliporudi ndani sufuria zilikuwa zinaoshwa. Msichana yule mwenye sauti nzuri akanivuta mkono, akaniita babu kwa lugha ya kwetu. "Kuka, kaa hapa. Chakula chako kiko, kukhu amekataza kiguswe." Kukhu wake, yaani bibi yake, mjane wa Barasa, alikuwa ameketi kona ya chumba amejifunga shuka. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa kwa bakuli, na juu ya bakuli, jiwe.

Mtoto mkubwa wa marehemu aliona nimelikodolea macho. "Utuwie radhi, mzee. Ni tabia ya nyumba hii. Baba hakukubali chakula kifunikwe bila hilo jiwe juu. Nyumba ni ya mawe, panya hakuna, tukimwuliza anasema ndivyo inavyofanywa. Mama alidhani ni mila za kwao."

"Na kwao walidhani ni mambo ya reli," akasema yule mama kutoka kona yake. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matangani. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Kula, shemeji wa reli. Alisema siku utakayokuja nisiulize ya nani."

Nililiinua. Halikuwa jiwe la mtoni. Lilikuwa kokoto la reli, pembe zake zote zimelika kwa kushikwashikwa. Nikafunua bakuli. Firigisi ilikuwa katikati ya ugali, moja, haijaguswa na mtoto wala mtu mzima katika nyumba ile iliyofiwa na mwenyewe.

Nilikula polepole. Nikala nusu. Nusu nyingine nikaifunika vizuri, nikaweka kokoto juu.